Mzigo wa mpagazi darasani: warsha za historia ya vita zinafundisha nini hasa?

Tangu mtaala ulioboreshwa wa mwaka 2023 uanze kuingia madarasani, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili lipewe nafasi yake, walimu wengi wamekuwa wakitafuta namna ya kuifundisha historia kwa vitendo. Baadhi wanawapeleka wanafunzi makumbusho. Wengine wanamwalika mwezeshaji aje shuleni na sanduku la vifaa, watoto washike, wapime na wavae. Inapofika mada ya vita, picha zinazosambaa mitandaoni hufanana: watoto wamejipanga mstari, vichwani kofia za askari wa enzi za Wajerumani, mabegani bunduki za mbao. Wanaozifurahia picha hizo husema watoto wameiishi historia. Wasiozipenda husema shule imegeuza msiba kuwa mchezo. Naona pande zote mbili zimejikwaa kwenye kisiki kimoja, maana zote zinaamini kwamba warsha ya namna hii ipo ili mtoto aihisi vita. Hakuna warsha ya saa mbili inayoweza kumpa mtoto hisia hiyo, na hatuna sababu ya kutamani aipate. Kazi yake halisi ni kumfundisha mtoto kukihoji kitu alichokishika: kilikuwa cha nani, kilibebwa na nani, na kwa nini jina la aliyekibeba halimo popote. Kwa vita vilivyopiganwa katika ardhi yetu kati ya 1914 na 1918, yaani Vita Kuu ya Kwanza, maswali hayo yana uzito wa pekee, kwa sababu wengi walioumia hawakuandika barua wala shajara, na walioandika habari zao waliwaandika kama hesabu ya mizigo.

Tukumbuke vita vyenyewe vilikwendaje. Agosti 8, 1914 manowari ya Kiingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam, na wiki moja baadaye Wajerumani wakaichukua Taveta. Novemba mwaka huohuo, Tanga, kikosi cha Waingereza chenye askari takriban 8,000, wengi wao kutoka India, kilishindwa na kikosi cha Wajerumani cha watu takriban 1,000, ambao wengi wao walikuwa askari Waafrika. Watoto hupenda kusimuliwa habari ya nyuki walioshambulia katika mapigano yale, nami sioni ubaya, ila mara nyingi nyuki hubaki kichwani na Waafrika hutoweka. Mwaka 1916 Jan Smuts alipewa uongozi wa majeshi ya Waingereza, Dar es Salaam ikatekwa mwezi Septemba, na tangu hapo vita vikawa safari ndefu ya kufukuzana kuelekea kusini. Oktoba 1917 damu nyingi ilimwagika Mahiwa, karibu na Lindi. Mwezi uliofuata Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alivuka Ruvuma na kuingia Msumbiji, akaja kusalimu amri Novemba 25, 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, wiki mbili baada ya bunduki kunyamaza Ulaya.

Hayo ndiyo tuliyoyakariri shuleni, na kama orodha ya matukio hayana kosa. Lakini orodha hiyo haisemi jeshi lilikula nini kutoka Moshi hadi Ruvuma. Reli zilikuwa chache, na barabara za magari zilifunikwa na matope kila masika. Farasi na maksai walioletwa na majeshi waliangamizwa na mbung'o kwa maelfu mengi. Ikabaki mabega ya watu. Upande wa Waingereza pekee, watu wanaokadiriwa kufikia milioni moja walitumikishwa kama wapagazi kwa nyakati tofauti, wengi wao kwa kulazimishwa. Kumbukumbu rasmi za Waingereza zinataja zaidi ya wapagazi 95,000 waliokufa, na wanahistoria wengi huamini kwamba waliokufa walikuwa wengi kuliko hao. Waliokufa kwa risasi walikuwa wachache. Waliobaki waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, mara nyingi wakiwa na matumbo yaliyoshindwa kuuhimili unga wa mahindi uliosagwa vibaya na kupikwa haraka. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, waliochukuliwa kijiji baada ya kijiji, na hesabu zao ni pungufu zaidi.

Aprili 2021 tume inayosimamia makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao kutoka Afrika Mashariki na Misri, ama hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inamwonyesha mtu mmoja tu, mwenye bunduki. Kariakoo, ambako wapagazi walipiga kambi baada ya mji kutekwa, kuna biashara usiku na mchana na maelfu hupita bila kujua habari hiyo. Mwanafunzi anayetegemea kitabu na sanamu hana pa kumwona mpagazi, ila kama kuna mtu atakayeuweka mzigo mbele yake.

Nimewahi kukaa nyuma ya darasa moja wakati mwezeshaji akifanya hivyo hasa. Hakuleta bunduki. Alileta gunia la unga la kilo 25, kata ya kuweka kichwani, sufuria, kamba na karatasi moja yenye umbali wa safari. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulibeba gunia. Waliligusa, wakajaribu kulisogeza sakafuni, wakacheka, kisha wakaketi. Ndipo msichana mmoja akauliza: "Sasa mwalimu, huyu aliyebeba yeye anakula nini?" Kila kilichokuwa na maana siku ile kilianzia kwenye swali hilo.

Fuateni hesabu waliyoifanya, kwa namba zilizorahisishwa kwa ajili ya zoezi. Mpagazi ana kilo 25 za unga na posho yake ni kilo moja kwa siku. Kambi iko mwendo wa siku kumi. Akifika amekwisha kula kilo kumi, na anahitaji kumi nyingine za kurudia. Kwa hiyo anakabidhi kilo tano. Askari mmoja anayekula kilo moja kwa siku anazimaliza ndani ya siku tano, na mpagazi huyo hawezi kurudi na mzigo mpya mpaka siku ya ishirini. Basi askari mmoja, kwa unga peke yake, anahitaji wapagazi wanne wanaopishana njiani bila kupumzika, na hapo hujahesabu risasi, mahema, dawa wala mizigo ya maofisa. Isogeze kambi iwe mwendo wa siku kumi na mbili, inabaki kilo moja. Isogeze siku kumi na tatu, na mzigo wote hautoshi hata kumlisha mbebaji kwenda na kurudi. Darasa lilinyamaza kidogo, kisha mvulana mmoja akasema kwamba basi lazima walipunguziwa posho, au walikula vya watu waliowakuta njiani.

Yote mawili yalitokea. Mtoto yule aliifikia kwa hesabu ya darasa la tano sababu mojawapo ya njaa kubwa iliyowahi kuikumba nchi hii. Kule Ugogo, kati ya 1917 na 1920, watu walikufa kwa njaa ambayo Wagogo waliikumbuka kwa jina la Mtunya. Wajerumani walikuwa wamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wakati wakirudi nyuma. Waingereza wakaja na kuchukua tena. Mvua ilipokosekana, hapakuwa na akiba ghalani wala nguvukazi shambani. Ukimweleza mwanafunzi kwamba "vita vilisababisha njaa", ataandika kwenye daftari na kusahau. Akikokotoa mwenyewe kwamba jeshi lisingeweza kufika lilikofika bila kula chakula cha wanakijiji, amepata kitu ambacho hatakipoteza kwa urahisi, na zaidi ya hapo ameipata njia ya kufikia hitimisho kutoka kwenye ushahidi.

Kuna wanaopinga, na hoja zao hazilingani uzito. Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile isemayo kwamba vita vile vilikuwa ugomvi wa wazungu na havituhusu, hivyo muda wa vipindi utumike kwa harakati za uhuru. Vilianzishwa Ulaya, ni kweli. Lakini vilipiganwa Tanga, Taveta, Rufiji na Mahiwa, kwa miili ya watu wa hapa, kwa chakula cha watu wa hapa, na ndivyo vilivyoitoa Tanganyika mikononi mwa Mjerumani na kuiweka chini ya Mwingereza. Anayesema havituhusu anawapa waliovianzisha haki ya kuvimiliki hata katika kumbukumbu. Zaidi ya hapo, huwezi kueleza kwa nini watu waliotoka kwenye vita hivyo waliitazama serikali ya kikoloni kwa jicho jipya kama hujui walichokiona njiani.

Hoja ya pili ni nzito na naiheshimu: kuigiza mateso ni kuyadharau. Wanaofundisha kuhusu mauaji ya Wayahudi wameifikiria kwa muda mrefu. Makumbusho ya taifa ya Marekani yanayohusika na historia hiyo, yaliyoko Washington, huwashauri walimu waepuke maigizo yanayomweka mwanafunzi katika nafasi ya mteswaji au mtesaji, kwa sababu mtoto hutoka akidhani amejua mateso yalivyo, kumbe amejua mchezo ulivyo. Nakubaliana na ushauri huo bila masharti. Mtoto aliyebebeshwa gunia na kuzungushwa uwanjani huku mwenzake akijifanya nyapara hajajifunza lolote kuhusu mpagazi. Amejifunza kuchoka mbele ya wenzake, na pengine kuzomewa. Ila ushauri huo unakataza maigizo, haukatazi vitu. Gunia lililowekwa mezani, likapimwa na kuulizwa maswali, halidharau yeyote. Tatizo la zile picha za bunduki za mbao ni hili hasa: zinachagua sehemu ya vita iliyo rahisi kuigiza, yaani gwaride, na kuacha sehemu iliyowaua wengi.

Kuna pia wanaohofia kwamba watoto wadogo watatishika. Umri ni jambo la kuangalia, na mwalimu anayelijua darasa lake ndiye wa kuamua. Lakini watoto wetu wanasikia habari za vita kila siku redioni na kwenye simu za wazazi wao, bila mtu wa kuwaeleza. Habari za posho, mizigo na ugonjwa, zikielezwa kwa utulivu, zina nafasi nzuri ya kuwasaidia kuliko kuwaumiza.

Ninaotofautiana nao zaidi, hata hivyo, ni baadhi ya wanaoziunga mkono warsha hizi. Wanasema zitajenga uzalendo. Nchi nzima inatamani vijana waipende, na sina ugomvi na tamanio hilo. Shida inaanza pale somo linapopangwa kuanzia kwenye hisia inayotakiwa, halafu vifaa vikachaguliwa vya kuileta. Vita hivi haviingii kwenye mpango wa namna hiyo. Waafrika walipigana pande zote mbili. Askari wa Wajerumani waliosifiwa kwa ushujaa Tanga walitoka katika jeshi lilelile lililokuwa limezima Majimaji miaka michache tu kabla, kwa kuchoma mashamba na maghala, hadi watu wanaokadiriwa kuwa mamia ya maelfu wakafa, wengi wao kwa njaa. Mtoto wa Songea akiambiwa ajivunie kofia ile, aambiwe pia ilikuwa kichwani mwa nani mwaka 1906. Na wapagazi waliolazimishwa mara nyingi walikabidhiwa na machifu na majumbe wao wenyewe. Somo linaloogopa mambo haya litaishia kwenye gwaride, na nadhani ndiyo maana gwaride linapendwa.

Kuna simulizi linalorudiwa sana kuhusu mwaka 1964, pale Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliokuwa bado hai madai yao ya mshahara. Wengi walifika Mwanza bila hati yoyote. Husimuliwa kwamba aliyekuja kulipa akampa kila mzee ufagio na kumwamuru kwa Kijerumani afanye vitendo vya bunduki, nao wakavifanya bila kusita. Simulizi hilo huletwa kama sifa ya utii. Mimi huniletea swali jingine: mpagazi angepewa nini ili athibitishe? Hakuwa na amri alizofundishwa, hakuwa na safu, na kwa wengi waliokufa mshahara haukumfikia mtu yeyote wa nyumbani. Kama tunataka watoto wetu waelewe ushahidi ni nini, waelewe pia kwamba ushahidi haugawanywi sawa, na kwamba aliyekuwa chini kabisa ndiye anayebakiwa na kidogo kabisa.

Kwa sababu hiyo sanduku la warsha linapaswa kuwa kweli. Kilicho asilia kiandikwe asilia, na kilichotengenezwa juzi kwa fundi kiandikwe hivyo, tena mtoto aambiwe mapema, maana kutofautisha hivyo viwili ni sehemu ya somo. Usalama nao si wa kupuuza. Mwaka 2014 nchini Uingereza shule zilitahadharishwa zisiwaache watoto kuvaa wala kushika barakoa za gesi za Vita Kuu ya Pili, kwa kuwa vichujio vya barakoa nyingi vina asbesto. Kwa miaka mingi zilikuwa zimepitishwa mikono kwa mikono katika warsha za namna hii. Kwetu hatari iko kwingine, kwenye maganda ya risasi na vyuma vinavyookotwa mashambani ambavyo hakuna aliyevikagua. Hivyo visiletwe darasani, hata kama vinavutia.

Gharama ndiyo pingamizi ambalo mtetezi wa warsha hana haki ya kulipita haraka. Shule yenye wanafunzi mia katika chumba kimoja, iliyo mbali na makumbusho yoyote, haiwezi kukodi basi. Lakini tazameni tena vilivyokuwamo katika sanduku nililolieleza: gunia, kata, sufuria, kamba, karatasi. Hakuna kisichopatikana kijijini. Ghali ni maandalizi ya mwalimu, yaani kujua maswali ya kuuliza, kuwa na ramani iliyochapwa vizuri, na kuwa na nakala ya waraka mmoja au miwili ya wakati ule iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Hapo ndipo Makumbusho ya Taifa na vyuo vya ualimu vingefanya kazi kubwa kwa fedha ndogo: kitini cha kurasa chache kwa kila mkoa, kikitaja nini kilitokea hapo. Mwalimu wa Kigoma aanze na meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 isichukuliwe na adui, ikaibuliwa mwaka 1924 na kurudi kazini ziwani. Mwalimu wa Rufiji ana habari ya manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha katika delta hadi Julai 1915, na mizinga yake iliyong'olewa na kukokotwa nchi kavu. Waliikokota akina nani? Swali ni lilelile, na kila mkoa una jibu lake.

Jambo litakaloamua kama haya yatadumu ni mtihani. Mwalimu hufundisha kinachoulizwa, wala simlaumu. Kama swali litabaki kuwa "taja sababu tano za Vita Kuu ya Kwanza", sanduku litafunguliwa siku ya wageni na kufungwa. Swali linalompa mtahiniwa jedwali la posho na umbali, au picha ya Sanamu ya Askari, na kumtaka aeleze nini kinaonekana na nani hayumo, lingebadilisha ufundishaji kuliko semina nyingi. Kulisahihisha ni kugumu zaidi, ni kweli, na wasahihishaji watahitaji mafunzo. Hiyo ndiyo bei ya umahiri tunaousema.

Na kuna vita ambavyo bado hatujachelewa. Aliyekuwa na miaka ishirini majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera Oktoba 1978 sasa anakaribia sabini. Wapo waliopigana hadi Kampala ilipoanguka Aprili 11, 1979, waliojiunga na mgambo, waliokimbia kutoka Kyaka na kulala porini na watoto, waliotoa ng'ombe wao au kuona lori lao likichukuliwa kwa ajili ya jeshi. Makaburi ya mashujaa ya Kaboya yana majina ya askari. Ya waliopika, waliobeba, walionyang'anywa na waliorudi wakakuta nyumba hazina mabati hayajakusanywa ipasavyo, nasi tunaelekea kurudia kosa la 1918 kwa hiari yetu. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kufanya kazi hiyo kwa daftari na simu: kumwendea babu au bibi kwa adabu na kwa ridhaa yake, kuuliza kilichokuwa ndani ya mzigo siku alipokimbia, kupiga picha kitu kilichobaki, na kuandika ni cha nani, kilitumikaje, lini na wapi, pamoja na yale ambayo wazee wawili wanayasimulia tofauti. Shule za Missenyi, Bukoba na Muleba zinaweza kuanza muhula ujao, bila kusubiri bajeti ya mtu.